Samaki wa Chuma wa Bushiri

Bushiri wa Mchelele hakuwa mtu wa kuamini vitu. Akikaribishwa chai, alikinusa kikombe, akakitazama kitako, kisha akamwachia mwenye nyumba anywe kwanza. Mwezi wa Ramadhani ukitangazwa redioni, yeye alivaa kanzu akatoka mwenyewe hadi ufukoni kuutafuta kwa macho yake. Asipouona, kesho yake alikula mihogo mchana kweupe, mtaa mzima umefunga, akisema yeye hafungi kwa mwezi unaotumia betri. Imamu alimwombea dua. Bushiri akataka kujua ni dua gani hiyo, na kwa nini isomwe kimoyomoyo.

Miaka ya duka la ushirika tabia hii haikumsumbua mtu. Duka lilikuwa na sabuni ya aina moja, siku iliyokuwapo, na siku isiyokuwapo hapakuwa na cha kushuku. Halafu ikaja ruksa, kila mtu alete na auze anachotaka. Maduka ya Kibiti na Ikwiriri yakafurika betri zenye majina yanayofanana na majina ya betri, saa zilizokwenda vizuri hadi mlangoni mwa duka, na dawa ya mbu ambayo mbu waliizunguka kama wazee waliozunguka bao. Bushiri alinawiri. Kila wiki alikuwa na jambo jipya la kutoliamini.

Katika miaka hiyohiyo ndipo delta nzima ilipoanza kumsikia mwekezaji. Hakuna aliyemwona. Ilisemwa anataka kufyeka mikoko, achimbe mabwawa, afuge kamba. Wengine walisema ni Mzungu, wengine Mwarabu, na wengine wakasema si mtu kabisa, ni kampuni. Hilo la kampuni liliwatisha zaidi, maana mtu unaweza kumsomea halbadiri. Kampuni utaisomea umeelekea wapi? Ikawa kila anayepita na kitu cha kupimia anatiliwa shaka. Muuguzi aliyekuja na mizani ya kuning'iniza watoto aliulizwa kilo moja inakwenda shilingi ngapi.

Basi kijiji kikakaa kikao, kikapitisha azimio: yeyote atakayeonekana anasaidia kuipima delta asusiwe. Asizikiwe, asiozewe, asiulizwe habari za asubuhi. Aliyetoa hoja ni Bushiri. Aliitoa kwa sauti kubwa, akaongeza kwamba msaliti wa namna hiyo akifiwa maiti aibebe mwenyewe. Watu wakapiga makofi.

Mwaka huo Bushiri alikuwa anaoza. Binti yake, Mwamvua, alikuwa amechumbiwa na kijana wa Mbwera, na harusi ilipangwa Mfungo Tatu, baada ya mavuno ya mpunga. Mchele ulikuwepo. Kitoweo ndicho kilichokuwa mashaka, maana jarife lake, wavu wake mkubwa, lilikuwa limepitiwa na meli ya kuvua kamba, likarudi kipande kisichotosha hata kufunika kuku. Ndipo alipokumbuka habari za Mzungu mmoja aliyekuwa na kambi upande wa baharini. Mzungu yule alikuwa akikaa katika kimtumbwi cha plastiki, ana fimbo yenye gurudumu la mshipi, anateremsha chuma kisicho na chambo chochote, anapandisha kolekole mkubwa kama beberu. Kambi ilifungwa, Mzungu akaondoka, na vyombo vyake vikaishia Kibiti, dukani kwa Sudha.

Sudha alizaliwa palepale Kibiti, nyuma ya duka, na Kimrima chake kilikuwa kizito kuliko cha nusu ya wateja wake. Watu walimwita Mama Riddhi, kwa jina la binti yake. Bushiri alipoingia alimkuta anapanga vibiriti.

"Karibu, Mzee Bushiri. Leo umekuja kushuku nini?"

"Nasikia una fimbo za yule Mzungu."

"Ninazo. Unavua umekaa au umesimama?"

Bushiri akarudi nyuma hatua moja. "Kwa nini unauliza?"

"Nijue nikupe ipi."

"Wewe toa zote. Kama nimekaa au nimesimama nitajua mwenyewe hukohuko."

Sudha akazitoa. Moja ilikuwa fupi, haifiki hata kifuani, nyepesi, ncha yake laini lakini kiunoni imekaza. Nyingine ilikuwa ndefu kupita mlango, nene, nyeusi, inang'aa kama kiatu cha mkuu wa wilaya.

"Chukua fupi," alisema Sudha. "Yule Mzungu alikuwa anakaa miguu mbele, kama mtoto anayeogeshwa. Mtumbwi wenu hauna tofauti. Samaki akifika ubavuni, kwa fimbo fupi unaye hapa, unamkamata. Ndefu, ncha iko kule, samaki yuko hapa, wewe umo majini. Halafu kitako chake kirefu, kitakuchoma tumbo."

"Na bei?"

"Fupi ndiyo rahisi."

Hapo ndipo kengele ilipolia kichwani mwa Bushiri. Tangu ruksa ianze hajapata kumwona mwenye duka anayemsukumia mteja kitu cha bei ndogo. Ama fupi imevunjika mahali ikagundishwa, ama ndefu imewekewa mtu. Akaikunja fupi, akailamba, akaitega sikioni na kuigonga kwa ukucha. Haikuwa na kasoro, jambo ambalo lilizidi kumtia wasiwasi.

"Nataka ndefu."

"Mzee wangu, nakwambia—"

"Nimesikia unavyoniambia. Nionyeshe vyuma."

Sudha akamimina vyuma juu ya meza. Vilikuwa samaki wa chuma, wamepakwa rangi ya fedha, wana ndoana mgongoni na macho ya kuchorwa. Vingine vifupi na vipana, kama jani la mkungu. Vingine virefu, vyembamba, vizito.

"Hivi vipana vinashuka vinayumba, kama samaki anayeumwa," Sudha alieleza. "Kolekole akikiona anadhani amepata mlo wa bure. Na kwenye mlango wa mto wenu si kina kirefu. Hivi virefu ni vya kule nje, kwenye maji mengi na mkondo mkali. Kwenu kitakwenda moja kwa moja chini kikachimbe tope."

Bushiri akatia kimoja mdomoni, akakiuma. "Macho ya nini kwenye chuma?"

"Samaki wamwone ni mwenzao."

"Au kinitazame mimi." Akakigeuza kirefu kimoja, akaona tumboni kimepigwa chapa ya namba ya uzito wake. Uso ukamchangamka. "Hivi. Vina namba. Kitu chenye namba kimehakikishwa."

Sudha akakata tamaa. Akamfungia fimbo ndefu na vyuma virefu katika gazeti, kisha akatoa robota la uzi, mgumu, uliotiwa rangi vipande vipande: nyekundu, kijani, njano, buluu, halafu nyekundu tena. "Huu nakupa bure. Zawadi ya Mwamvua."

Neno hilo, bure, Bushiri alilisikia mgongoni kama maji ya baridi. Aliupokea uzi kwa vidole viwili.

Siku ya kwanza fimbo ilimchoma tumbo. Siku ya pili alipoivuta kwa nguvu mtumbwi ulilala ubavu, akateka maji ya kutosha kufua. Chuma kilishuka kama jiwe la kisimani, kikazama topeni, na kila alipokitoa kilikuja na tope na konokono mmoja aliyeonekana kushangaa. Lakini kukubali kwamba mwenye duka alisema kweli kulimshinda. Akaamua kasoro ni ya mahali. Akawa anashusha hapa, anapandisha, anasogea kidogo, anashusha tena, anasogea, mpaka amevuka mlango wa mto kutoka mikoko ya huku hadi mikoko ya kule. Baada ya siku kadhaa, jirani na gogo kubwa lililozama ukingoni mwa mkondo, kitu kilikigonga chuma kikakipinda. Fimbo ikainama, ncha ikaenda kule, samaki akapita chini ya mtumbwi, uzi ukakwaruza gogo ukakatika. Bushiri akautazama uzi uliokatika. Kumbe wapo.

Sasa mwone kwa macho ya mtu aliyesimama ufukoni. Mtu amekaa katikati ya maji na mti mrefu mweusi umesimama juu ya kichwa chake kama antena. Anateremsha chuma mpaka chini, anakipandisha, anausogelea uzi wa rangi na kuukodolea macho. Anasogea kidogo, anarudia. Amekwenda mstari mmoja kuvuka mto mzima. Mwezi unakwisha na hajaleta hata ngogo.

Aliyeona kwanza alikuwa Muhidini, mshona nyavu wa dikoni, wanapotua wavuvi, jirani yake Bushiri wa ua kwa ua.

"Bushiri, unafanya nini kule siku zote hizi?"

Bushiri, aliyekuwa na gogo lake moyoni, alimtazama kwa pembe ya jicho. "Natafuta."

"Unatafuta nini?"

"Nilichopoteza."

"Ulipotezea wapi?"

"Ningejua ningekuwa natafuta?"

Muhidini akarudi kwenye nyavu zake, akashona polepole sana.

Bushiri hakugundua lolote hadi alipoambiwa na mkewe. Desturi ya Mchelele ni kwamba harusi ikikaribia, kila nyumba inawaazima wenye shughuli sufuria lake kubwa, na uani kwa Bushiri masufuria yalikuwa yamekwisha kupangwa, yamepinduliwa, yamepakwa majivu tayari kwa moto. Jioni moja alimkuta Mwantum amekaa kizingitini, mikono mapajani.

"Baba Mwamvua, masufuria yanaondoka."

"Yanakwenda wapi?"

"Kwao. Mama Muhidini amekuja kuchukua lake. Kasema anataka kuchemshia nguo. Nguo gani zinachemshwa kwenye sufuria la pilau? Baada yake akaja mwingine, na mwingine. Hawakukaa hata kunywa maji. Mpishi karudisha mwiko." Akauonyesha ua kwa kidevu. "Umefanya nini huko baharini? Mwanangu akiolewa, nani atampigia vigelegele? Kuku?"

Asubuhi yake aliitwa kwenye kikao, aje na vyombo vyake. Mwenye kikao alikuwa mtendaji wa kijiji, Sixtus, kijana kutoka Songea, ambaye naye alikuwa akishukiwa tangu alipofika, kwa kosa la kula viazi mviringo. Siku hiyo alifurahi waziwazi kwamba kuna mwingine.

"Ndugu wananchi," alisema Sixtus, akiuvuta uzi kutoka kwenye gurudumu, "tazameni. Nyekundu, kijani, njano, buluu. Kila rangi ina urefu uleule. Nimepima kwa mkono."

"Aaah!" kikao kikaitika.

"Na huu hapa ni bildi." Akakiinua chuma kirefu, kwa sababu hata mtoto wa delta anajua nahodha akitaka kujua kina huteremsha bildi. "Kina namba!"

"Na mti ule ni antena," akaongeza Muhidini. "Akishapima anatuma."

"Anatuma kwa nani?" akafoka Bushiri. "Betri iko wapi?"

"Ndiyo tunakuuliza wewe."

"Navua samaki!"

"Umevua wangapi?"

Bushiri akageuka huku na huku. Akatazama nyuso. Nyuso hizohizo zilimpigia makofi.

"Bwana mtendaji," mzee mmoja akauliza kwa upole wa kuudhi, "hivi ni nani aliyesema msaliti maiti yake aibebe mwenyewe?"

"Mimi," alisema Bushiri.

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kicheko kilipoisha Muhidini akasafisha koo. "Mimi sina neno na jirani yangu. Kama kweli ni uvuvi, maji mafu yakiingia, mkondo umelegea, atupeleke. Tukaone anavulia wapi, na avue tuone. Asipovua, tunamsusa."

Tukaone anavulia wapi! Bushiri alihisi damu inampanda. Kumbe ndiyo hiyo. Antena, bildi, masufuria, kikao kizima kilikuwa njia ndefu ya kwenda kwenye gogo lake. Alirudi nyumbani akamweleza Mwantum njama yote, akitembea kutoka ukuta hadi ukuta.

Mwantum alisikiliza hadi mwisho. "Haya. Tuseme wanataka mahali pako. Mahali pako patampikia mwanao?"

Bushiri akaacha kutembea. Akaivingirisha ile fimbo ndefu katika mkeka, akavuka hadi Nyamisati, akapanda lori la magogo hadi Kibiti.

"Nipe ile uliyonipa nikakataa," alimwambia Sudha. "Na vile vyuma vipana."

Sudha aliweka chini mkasi. "Leo umeniamini?"

"Sijakuamini. Ulisema kweli, hilo nimeliona. Nisichojua ni kwa nini uliisema. Ulikuwa unapata nini?"

"Nilitaka usirudi hapa kunisumbua!"

Uso wa Bushiri ukalegea. Hiyo ilikuwa sababu ya mtu mwenye akili timamu. Akaiamini palepale, akabadilishana vyombo, akaondoka na fimbo fupi kwapani.

Maji mafu yalipoingia walitoka asubuhi na mapema, mitumbwi miwili. Muhidini alipanda na Bushiri. Sixtus alipanda mwingine, na kwa kuwa Songea haina bahari, aliushika mtumbwi kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika masikio ya punda. Ufukoni walisimama watu wengi kuliko waliokwenda sala ya Idi.

Bushiri alikuwa amekata shauri usiku kucha. Hawapeleki kwenye gogo. Akapiga kafi kuelekea upande mwingine kabisa, kwenye maji matupu, akatia nanga, akateremsha chuma. Hakuna kitu. Akapandisha, akateremsha. Hakuna kitu. Muhidini akatabasamu.

"Rangi ngapi hapo, jirani?"

Bushiri akaangalia ufukoni. Alikuwa mbali kutambua sura, lakini kanga ya Mwantum aliijua. Ilikuwa imesimama peke yake, pembeni, na pande zote za kanga ile palikuwa na nafasi. Hakuna mwanamke aliyesimama karibu nayo.

Akang'oa nanga. Akapiga kafi kuvuka mlango wa mto, moja kwa moja hadi kwenye gogo lake, akakaa sawasawa, miguu mbele, akateremsha chuma kipana. Kilishuka kinayumba, kinameta, kinakwenda kulia, kinarudi kushoto, kama mlevi anayetafuta kwake.

"Nyekundu," alisema Muhidini, akiukodolea uzi. "Kijani. Nyekundu imeisha, sasa kijani—"

"Usihesabu kwa sauti! Watasema tunapima wote."

Chuma kikagusa chini. Bushiri akakinyanyua, akakiachia, akakinyanyua. Mara ya tatu fimbo fupi ikajikunja hadi majini, gurudumu likalia, na mtumbwi ukaanza kuvutwa kwenda pasipopigiwa kafi. Lakini safari hii kitako hakikumchoma, wala mtumbwi haukulala. Alivuta akapumzika, akavuta, mgongo umenyooka, mpaka ubavu wa fedha ukageuka chini ya maji, hapohapo karibu na goti lake.

"Kulabu, Muhidini! Kulabu!"

Kulabu haikuja. Bushiri akageuza shingo. Jirani yake hakuwa anamtazama samaki. Alikuwa anautazama mkoko mrefu wenye kiota cha mwewe, kisha akageuka kuangalia panapogawanyika mto, kisha akarudi kwenye kiota. Alikuwa anaweka alama ya mahali.

Kwa dakika hiyo moja Bushiri alikuwa sahihi kabisa, na haikumsaidia chochote. Angeweza kulegeza uzi, samaki aende zake, gogo libaki halina thamani kwa mtu. Akaiona ile kanga.

"Ukimaliza kuangalia," alisema, "nishikie kulabu."

Muhidini akaona haya kidogo tu, kiasi cha kumwezesha kushika kulabu. Kolekole akaingia mtumbwini akipiga mkia, mkubwa, mpana, jicho limetoka. Kutoka mtumbwi wa pili Sixtus akaita, "Huyo ni samaki?"

"Hapana," Bushiri akajibu. "Ni mwekezaji."

Masufuria yalirudi kabla kolekole hajaisha kukatwa. La Mama Muhidini lilirudi la kwanza, kavu, halijawahi kuona nguo. Mpishi akautaka mwiko wake. Ua ukajaa kuliko mwanzo, mpaka mengine yakapangwa nje ya ua, na vigelegele vilianza siku mbili kabla ya bibi harusi kutiwa hina.

Siku ya harusi yenyewe Bushiri alisimama karibu na moto, kanzu mpya, akiwatazama watu wanavyomiminika. Hakufurahi sana. "Mbona wamekuja wote?" alimnong'oneza Mwantum. "Hata wa kijiji cha Pombwe. Wanataka nini?"

"Wanataka pilau. Nenda kakae na wenzio."

Ndipo Muhidini alipotokea upande wa dikoni, amelowa hadi kiunoni, kwapani ana fimbo fupi mpya kabisa ya dukani kwa Mama Riddhi, na mgongoni ana kolekole mbichi anayedondosha maji. Akamtua miguuni pa Bushiri.

"Kitoweo hicho, jirani. Cha Mwamvua."

Hapakuwa na haja ya kuuliza amevuliwa wapi. Bushiri akachutama. Akamfunua samaki mashavu, yalikuwa mekundu. Akamnusa. Akambonyeza tumbo. Akamtafuta kasoro kuanzia mdomoni hadi mkiani na hakuipata.

"Kapikwe," alisema mwishowe.

Akapikwa, katika sufuria la Mama Muhidini. Sinia la kwanza lilipoletwa, wanaume wakakaa kulizunguka, wakanawa, wakasubiri mwenye shughuli aanze. Bushiri akachambua kipande kinono cha karibu na kichwa, akakiweka upande wa Muhidini, akakunja mikono.

"Wewe kwanza," alisema.